Kimya cha Kionjo

Sampuli ya thelathini na moja ndiyo iliyoleta maneno.

Vikombe sitini vya uji vilikuwa vimepangwa juu ya meza ndefu ya maabara ya Kibaigwa, kila kimoja kikiwa na namba tu ubavuni. Aliyejua kilichomo ndani ya kila kikombe alikuwa Mzee Kedmon Mazoya peke yake, fundi mkuu wa maabara, na orodha yake alikuwa ameifungia kabatini. Ndivyo vipimo vinavyolinganishwa: anayepima asijue anachopima, maana jicho la binadamu huona linachotamani kuona. Dkt. Nyemo Chilongani, mkuu wa kitengo cha vipimo, alichovya Kionjo ndani ya kikombe cha thelathini na moja, akahesabu ishirini kimoyomoyo, akakitoa. Hakikuwaka. Akaandika kwamba hakuna karanga.

Kionjo kilikuwa kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Ukikitia kwenye chakula kikakutana na karanga, hata chembe, kilitoa mwanga mwekundu. Mijini kilikuwa kimetumika miaka miwili, na watu walikipenda kama walivyompenda mganga aliyewaponyea watoto. Kwa miaka ile mtoto mmoja kati ya tisa alizaliwa na mzio mkali wa karanga, na baada ya vifo kadhaa mashuleni sheria iliwatenga watoto hao. Walisomea katika darasa la pembeni, chumba chenye mlango wake, maji yake na vyombo vyake. Kionjo ndicho kilichoanza kuwarudisha kwa wenzao, shule moja baada ya nyingine. Muhula uliokuwa unakuja kilitakiwa kifike vijijini, na vijijini kulikuwa na jambo moja ambalo mijini halikuwapo. Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa tatu, na unga wa uji wa shule ulichanganywa na mashudu ya karanga yaliyokwisha kukamuliwa mafuta, yakapitishwa kiwandani kwenye joto na mgandamizo mkubwa. Magunia ya unga huo yaliandikwa waziwazi kilichomo, lakini unga ulivyomwagwa na kuchanganywa katika maghala na majiko, hakuna aliyeweza kuutambua tena kwa macho. Kazi hiyo ndiyo waliyotaka kukiachia Kionjo.

Baada ya Kionjo, vikombe vilipitia vipimo vingine vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha vinasaba. Hicho ni kama nyayo za ng'ombe njiani: zinakuambia amepita, hazikuambii kama alimpiga mtu pembe. Cha pili kilivunja protini vipandevipande na kuvipima uzito. Hicho kilijua kiasi, lakini madhara hakikuyajua. Cha tatu kilikuwa cha seli. Seli zile zilitoka katika damu ya mtu mwenye mzio, zikakuzwa kwenye chupa mwaka hadi mwaka. Zikikutana na kitu ambacho mwili wa mwenyewe ungekikataa, hukasirika, hupasuka na kumwaga kemikali ileile inayovimbisha koo. Katika vyote vinne, ni hicho tu kilichouliza swali ambalo mwili huuliza.

Kwenye kikombe cha thelathini na moja, seli zilikasirika.

Mzee Kedmon alidhani chupa imechafuka. Wakarudia, zikakasirika tena. Kazi ya siku nne ilipokwisha alifungua kabati, akasoma orodha taratibu, kidole kikifuata mstari. Vikombe kumi na vitano vilikuwa na unga wa mashudu ya kiwandani. Seli zilikuwa zimekasirika kwa vyote kumi na vitano. Kionjo kilikuwa kimewaka kwa kimoja tu. Kwa karanga mbichi, za kuchemsha na za kukaanga nyumbani, hakikukosea hata mara moja.

Nyemo alikaa na karatasi zile muda mrefu. Akamuuliza mzee yule kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kuziona. Mzee akasema hakuna, ila kesho Mkurugenzi wa kituo angeziulizia.

*

Mkurugenzi Sekwao hakuwa mtu wa kugomba. Alimsikiliza Nyemo mpaka mwisho, akavua miwani, akawapigia simu watengenezaji palepale, kisha akamweleza walichosema. Kionjo kina vishikio vinavyoitambua protini ya karanga kwa umbo lake, kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwa sura. Joto na mgandamizo wa kiwandani vimeiharibu sura hiyo, na protini iliyopoteza sura, walisema, haina tena uwezo wa kumdhuru mtu. Kwa hiyo kimya cha Kionjo si kosa. Zinazokosea ni seli, ambazo zinakaa ndani ya chupa bila tumbo wala ini, zikikasirishwa na vitu ambavyo mtu mwenye mwili kamili asingevihisi.

Nyemo alikiri kwamba hoja ile haikuwa ya kipuuzi. Vipimo viwili vilikuwa vimepingana, na hakuna cha tano cha kuviamua.

Sekwao akamkumbusha kwamba shule zinafunguliwa baada ya siku kumi na mbili, na kwamba fomu ya wizara ina majibu mawili tu, kimefaulu au hakijafaulu. Kisha akasema ana mjukuu aliyekuwa darasa la pembeni, Dodoma mjini, ambaye siku hizi amerudi kukaa na wenzake. Zamani alikuwa haongei. Sasa nyumbani hawalali kwa maneno yake.

Kabla hawajaachana alitaja jambo ambalo Nyemo alikuwa amelisahau. Sheria ya Seli ilitaka mtu yeyote ambaye seli zake zimepingana na chombo kinachotumiwa na umma aarifiwe, naye ana haki ya kufika na kuona. Barua ikaandikwa siku hiyohiyo. Mwenye seli alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha Chilambo, mwendo wa saa moja kutoka Kibaigwa. Aliitwa Stamili Ndahani.

*

Alifika siku ya pili yake asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, amebeba mfuko wa madaftari ya wanafunzi. Nyemo alimwamkia, akaitikiwa, akampeleka kuziona chupa. Mwalimu Stamili alizitazama bila kuzigusa. Alisema alitoa damu ile miaka kumi na miwili iliyopita, alipokuwa ametoka kulazwa kwa sababu ya biskuti moja ya ukwaju iliyokaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa karanga. Tangu hapo hajaonja karanga wala chochote cha karibu na karanga. Alikuwa hajui kama bado wanazitumia.

Nyemo alimweleza kila kitu, na mwalimu akauliza maswali mafupi ya mtu aliyezoea kusahihisha. Mwishowe akauliza ni kipi kingeweza kuamua kati ya Kionjo na seli. Nyemo alisita. Akasema kwamba kwa kweli ni mtu. Ni mtu mwenye mzio kuula unga ule, mbele ya daktari.

"Basi nitaula mimi," Mwalimu Stamili akasema.

Nyemo alikataa palepale. Alimwambia kwamba katika kituo kile hupimwa chakula, hapimwi mtu, na kwamba barua ilikuwa ya kumpa taarifa, haikuwa ya kumwita awe kafara. Mwalimu alimwacha amalize.

"Dada Nyemo, seli zangu zimelishwa karanga humu ndani miaka kumi na miwili," alisema. "Mwenyewe sijaulizwa hata siku moja. Shule yetu ina watoto ishirini na watatu darasa la pembeni. Ukisema ni salama nawe umekosea, mmoja wao ataanguka mbele yangu. Ukisema si salama nawe umekosea, watakaa kule mwaka mwingine wakisikiliza wenzao wakicheza. Ama hivi ama vile, wewe utakuwa umewafanyia jaribio. Mimi ni mtu mzima, na nitakuwa na daktari kando yangu. Wao watakuwa na nani?"

Nyemo aliomba siku moja ya kufikiri.

Siku hiyo alikwenda hospitali ya wilaya kwa Dkt. Salehe Mrope, aliyekuwa amewalisha wagonjwa wengi wa mzio kwa vipimo vya namna hiyo, kijiko baada ya kijiko, sindano ya adrenalini ikiwa mezani. Mrope alisema jambo lenyewe hufanyika, na mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kulikubali. Ila angependa kwanza ahakikishe hali ya mwalimu kwa sasa. Dawa ya kupimia mzio kwa kuchanja ngozi ilikuwa imekwisha hospitalini, kwa hiyo ingebidi ichukuliwe damu mpya, ikuzwe maabara, na majibu yangechukua siku nne au tano.

Nyemo alihesabu siku zilizobaki. Alifikiria ripoti, kikao cha wizara, magari ambayo tayari yalikuwa yanapakia Vionjo. "Damu yake tunayo," akamwambia. "Tunaipima kila wiki. Haijabadilika."

Mrope alikubali shingo upande.

*

Walianza saa tatu asubuhi, katika chumba chenye dirisha kubwa. Uji ulipikwa palepale kwa unga wa mashudu, na Kionjo kilielea ndani ya sufuria bila kuwaka. Mwalimu Stamili alivalia gauni la kitenge lenye kola, akakaa kitini, akatoa madaftari yake na kalamu nyekundu. Alisema kama ni kusubiri, basi asubiri akiwa na kazi.

Robo ya kijiko. Wakangoja dakika ishirini. Nusu kijiko, wakangoja tena. Kila mara Mrope alimwangalia midomo, ulimi na ngozi ya mikono, akasikiliza kifua, akapima shinikizo la damu. Nyemo alisimama karibu na dirisha kwa sababu hakuweza kukaa. Alijaribu kuyasoma madaftari kwa mbali ili asiutazame uso wa mwalimu. Lilikuwa zoezi la kugawanya, na watoto wengi walikuwa wamesahau baki. Alijiambia kwamba mwalimu akitoka salama humo hatamruhusu tena mtu kufanya hivyo, halafu akajiuliza kama hilo nalo lilikuwa la kweli.

Kwenye kijiko cha nne mwalimu aliinua mkono akajikuna shingoni. Mrope alikwisha kuishika sindano. Mwalimu akashusha kola, akawaonyesha uzi uliokuwa umechomoza kwenye mshono, akaomba mkasi. Hata muuguzi aliyemsaidia Mrope alicheka.

Hakuna kilichotokea. Saa saba mchana mwalimu alikuwa amemaliza bakuli zima. Walimweka pale hadi saa kumi na moja, akamaliza na madaftari. Mkurugenzi Sekwao alifika mwenyewe, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa niaba ya watoto ambao hawatamjua. Alipotoka nje alimpigia mtu simu, na Nyemo alimsikia akisema kwamba sasa kuna ushahidi wa mwili wa binadamu.

Mrope, kwa mazoea yake ya kila mgonjwa, alitoa damu kidogo kabla ya kumruhusu mwalimu kuondoka. Nyemo aliichukua chupa ile akarudi nayo maabara. Hakuwa na shaka yoyote. Alitaka tu kumbukumbu zikamilike. Mzee Kedmon alizitia seli mpya kwenye chupa yake, kando ya zile za zamani.

Siku ya nne Mzee Kedmon alimwita. Akamwonyesha chupa zote mbili. Seli mpya alikuwa amezipa karanga mbichi, karanga yenyewe kama ilivyotoka shambani. Zilikuwa zimetulia. Alikuwa amerudia mara tatu, kila mara na karanga za gunia tofauti. Seli za zamani, zilizokuwa zimepewa karanga zilezile kwa wakati uleule, zilikuwa zimepasuka zote.

Nyemo alivuta kiti akakaa. Mwalimu Stamili alikuwa amepona. Haijulikani lini. Mzio wa karanga hauwaachi watu wazima mara nyingi, lakini huwaacha wachache, bila kuaga. Huenda kwa miaka kadhaa seli zake chupani zilikuwa zinaumwa ugonjwa ambao mwenyewe hana. Mtu asiye na mzio akila bakuli la unga wa mashudu asidhurike, amethibitisha kwamba mtu asiye na mzio hadhuriki. Zaidi ya hapo hakuna. Seli za zamani zilibaki na neno lao kama mwanzo, na Kionjo kilibaki na kimya chake.

Na siku nne ambazo Mrope aliziomba, ndizo zilizopita sasa.

*

Habari ile hakutaka kuipeleka kwa simu. Alikwenda Chilambo, akamkuta mwalimu nyuma ya madarasa akikagua madawati, maana zilikuwa zimebaki siku tatu shule ifunguliwe. Alimwamkia, akamweleza bila kupindisha. Alimweleza pia kwamba daktari alitaka damu mpya kabla, na kwamba yeye ndiye aliyeona si lazima. Akamwomba radhi.

Mwalimu Stamili alikalia dawati mojawapo. Kwa muda hakuzungumza juu ya Kionjo wala unga. Alizungumza juu ya marehemu mama yake. Mama yule alipika mlenda kwa karanga, kama walivyopika wote nyumbani kwao, na mwanawe alipokuja kumtembelea alimsalimia kutoka uani. Mama alinawa kwa sabuni mara mbili, akabadilisha kanga, ndipo akatoka kumshika mkono. Miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi kutoka kitandani, nyumba ile ilikuwa na vumbi la karanga kila pembe, na mwanawe alimuuguza kwa kusimama dirishani. Amekufa mwaka wa tatu sasa.

"Unaniambia ningeweza kuingia," mwalimu akasema.

Nyemo alisema hajui alipona lini. Huenda ilikuwa kabla, huenda baada. Hilo hakuna chombo cha kulipima.

Kulikuwa na neno jingine, nalo lilimwia Nyemo gumu kuliko yote. Majibu ya damu ile mpya, kwa mujibu wa Sheria ya Seli, yalikuwa mali ya mwalimu. Bila idhini yake yasingeweza kuandikwa popote. Waliokuwa wanayajua ni watu watatu, yeye, Mzee Kedmon na Mrope, na sasa wanne. Kama mwalimu angesema yakae, ripoti ingeonyesha mwanamke mwenye mzio amekula bakuli zima akarudi kwake salama, na Jumatatu watoto wake ishirini na watatu wangeingia mlango mmoja na wenzao.

Mwalimu aliondoka akaenda hadi darasa la pembeni. Nyemo alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma. Alikaa humo dakika nyingi. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu.

"Nilitaka sana wahame," alisema. "Ndiyo maana siwezi kuamini kutaka kwangu. Andika. Na kosa lako uliandike pia, ili atakayesoma ajue tulivyofika hapo."

*

Nyemo aliandika yote mawili. Aliandika kwamba Kionjo kimefaulu kwa vyakula vyote vilivyojaribiwa isipokuwa unga wa mashudu ya kiwandani. Kwamba kwa unga huo hakijafaulu, kwa kuwa kipimo cha seli kimekipinga na hakuna ushahidi wa kuaminika wa kukitetea. Na kwamba jaribio la kumlisha mtu halina thamani, kwa sababu mkuu wa kitengo alilifanya bila kuhakikisha kwamba mtu huyo bado ana mzio. Chini yake akatia jina na saini.

Mkurugenzi Sekwao aliisoma ripoti mara mbili. Alisema kwa sauti ya chini kwamba watu watasema kituo chake kimemhatarisha mwanamke bure. Nyemo akasema watakuwa wamesema kweli. Mkurugenzi akauliza kama haiwezekani kuandika tu kwamba hawajui. Nyemo akamjibu kwamba fomu haina nafasi hiyo, na kwamba mtoto anayeletewa bakuli naye hana nafasi hiyo. Ama anakula ama hali. Sekwao aligeuza kiti akatazama nje. Kisha akageuka, akachukua kalamu, akatia saini, akamwomba Nyemo amwitie katibu muhtasi kabla hajabadili mawazo.

Amri ilitoka kwamba shule yenye unga wa mashudu isiwachanganye watoto. Kila kijiji kikaachiwa kichague: kiweke unga na darasa la pembeni, ama kirudishe unga na kuwaunganisha watoto. Chilambo walikutana siku mbili. Mwaka ule majumbani kulikuwa na mlo mmoja, na kwa watoto wengi uji wa saa nne ndio uliokuwa chakula cha kwanza. Fundi baiskeli mmoja aitwaye Lechipya Mhembano, baba wa watoto watano wasio na mzio, alisema yeye hawezi kuwanyima mia tatu kwa ajili ya ishirini na watatu, tena kwa hofu ya chupa za maabara. Hakusema kwa ubaya. Wengi walimuunga mkono, unga ukabaki.

Mwalimu Stamili aliomba ahamishiwe darasa la pembeni.

Nyemo naye alirudi kazini, na safari hii hakukimbizana na kalenda. Pamoja na Mrope walitafuta watu wazima sita wenye mzio, waliojitolea baada ya kusomewa ripoti yote, kosa likiwemo. Walichukua damu mpya ya kila mmoja, wakangoja, wakahakikisha. Iliwachukua miezi miwili kasoro. Watatu wa kwanza walikula bakuli zima bila tatizo lolote, na Nyemo alianza kujiuliza kama watengenezaji walikuwa na haki tangu mwanzo.

Wa nne alikuwa fundi muashi, Yona Mbijima, mtu wa mwili na mzaha mwingi. Kwenye kijiko cha tatu aliacha kusimulia katikati ya sentensi. Midomo yake ikavimba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mrope alimchoma sindano pajani palepale, wakamlaza, wakamwekea oksijeni. Nyemo alimshika mkono, mkono mgumu wenye simenti kwenye kucha, akawa anahesabu pumzi zake kwa sauti ili wote wawili wazisikie. Iliwachukua saa moja na robo. Mwishowe Yona alifumbua macho, akaomba chai, akauliza kama alichokifanya kimetosha.

Nyemo alimwambia kimetosha. Wawili waliobaki hawakulishwa.

Seli zilikuwa zimesema kweli, na protini iliyopoteza sura yake ilikuwa bado inawajua watu. Si wote waliodhurika, lakini mmoja kati ya wanne alitosha. Watengenezaji, kwa sifa yao, hawakubisha tena. Waliomba unga wa mashudu magunia mawili ili watengeneze vishikio vipya.

*

Nyemo alikwenda Chilambo siku ya mkutano wa wazazi, akaomba dakika kumi. Hakutumia maneno ya kitaalamu. Alieleza walichokifanya, akaeleza kijiko cha tatu, akaeleza saa moja na robo. Mtu mmoja aliuliza huyo fundi ana uzito gani. Nyemo akasema kilo tisini na mbili. Watu wakageuka, wakawatazama watoto waliokuwa wamekaa chini mbele.

Lechipya Mhembano alisimama. Alisema yeye ndiye aliyezungumza mara ile, na angependa azungumze tena. Alisema kwamba muda wote huu moyoni alikuwa akiona wale ishirini na watatu wamewekwa kule kwa maneno tu, na unga hauna neno. Sasa anajua kwamba kijiko kimoja kilichochukuliwa kwa bahati mbaya, mtoto kubadilishana kikombe na mwenzake uani, kingetosha, na ule ukuta wa darasa la pembeni usingezuia kitu. Nyumbani ana gunia moja na nusu la uwele. Nusu anailetea shule.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akasema ana debe la mtama. Mwingine akasema hana nafaka lakini ana kuni. Katibu wa kijiji akaanza kuandika, na kabla jua halijawa kali walikuwa wamepata uji wa wiki sita, mwepesi, bila sukari, ambao kila mtoto angeweza kuunywa. Magunia ya mashudu yalipakiwa kwenye gari kesho yake.

Madawati yalihamishwa siku hiyohiyo. Mwalimu Stamili alifungua mlango wa darasa la pembeni, akawaambia watoto kila mmoja achukue lake. Wengine wa darasa kubwa walikuja kusaidia bila kuitwa, na uwanja mzima ukajaa madawati yanayotembea, watoto wakibishana nani atakaa na nani, nani ni mrefu atazuia ubao, nani amekwisha kuahidiwa dirisha. Dawati la mwisho lilikuwa la watu wawili, na mtoto aliyebaki alikuwa mmoja, msichana mdogo wa darasa la kwanza, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kukaa na mtu.

Nyemo alishika upande wa pili. Wakalinyanyua, wakalivusha uwanja polepole, yule mtoto akitembea kinyumenyume kwa sababu alitaka kuona wanakokwenda wenzake na huku asiliachie dawati.

"Nikae upande gani?" akamuuliza Nyemo walipofika mlangoni.

Nyemo akamwambia achague yeye.